Chumba cha Paka na Bwawa Jeupe

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa seremala katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi wenyewe haupo tena. Mashimo yamefukiwa, na mara ya mwisho nilipopita pale niliona mihogo imelimwa mahali palipokuwa na karakana yetu. Nilikwenda huko nikitokea Ngokolo, mjini Shinyanga, nilikojifunza ufundi kwa mjomba wangu. Nilikwenda na mke wangu na binti yetu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede.

Tulipewa chumba kimoja na baraza kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Panya walikuwa wengi kwa sababu kila nyumba ilikuwa na gunia la unga wa posho. Wiki ya pili mtoto akiwa amelala mchana, panya alimtafuna kidole cha mguu. Mke wangu aliingia kumwangalia akaona damu kwenye kanga. Hakupiga kelele. Alimnyanyua mtoto, akamfunga mgongoni, na kuanzia siku hiyo akawa hamlazi chini hata akiwa anasonga ugali.

Baba mkwe wangu aliyekuwa akilima pamba karibu na Ibadakuli alipata habari, akatutumia paka. Alikuja na lori ndani ya kapu lililoshonwa mdomo, paka jike mwenye mistari ya kahawia. Katika muda usiofika mwezi panya walihama. Mke wangu alimpenda yule paka kwa namna ambayo sikuwahi kuona mtu wa kwetu akimpenda mnyama asiyekamuliwa. Alimtandikia gunia kuukuu karibu na mafiga, na ugali ukiiva alimmegea kabla hajaniita mimi kula.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja mjane, Msumbwa wa Ushirombo. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa rozari shingoni, akiishi na mpwa wake aliyefanya kazi shimoni. Alikuwa akipika uji asubuhi na kuwauzia wafanyakazi wanaoingia zamu. Pia aliuza dagaa wakavu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana paka wa laini walikuwa wakimwibia. Siku moja nilimsikia akisema kwa sauti, akiwa ameshika ufagio, "Paka hawa, iko siku watakoma."

Kila mtu alisikia.

Asubuhi moja ya mwaka wetu wa pili pale, kabla sijaondoka kwenda kazini, paka wetu alirudi nyumbani akitembea kama mlevi. Alifika kizingitini, miguu ikamlegea, akaanguka. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka mbio mbio, mdomo wazi, macho yamemtoka. Mke wangu alimpigia magoti akimwita. Haikufika dakika tano akanyooka. Sikuwa nimewahi kuona kiumbe mzima akifa upesi namna hiyo bila jeraha. Nilisimama nimeshika msumeno wangu, nikasahau kwamba nilikuwa naenda kazini.

Majirani wakakusanyika. Yule mama naye alitoka akaja kuangalia. Aliinama akasema, "Mwangalieni miguu. Ana tope jeupe mpaka tumboni. Huyu ametoka kule bwawani chini ya mgodi."

Mke wangu alimtazama, akasema, "Ametoka kwako. Alikula dagaa wako."

"Mwanangu, mimi sijamlisha."

"Ulisema watakoma."

Yule mama aliinuka pale alipoinama. Aliingia ndani kwake.

Wiki ile wakafa paka wengine wawili, na mbuzi wa mlinzi wa stoo. Kisimani mke wangu alisema mbele ya wanawake wote kwamba mjane wa Ushirombo anaweka sumu kwenye dagaa. Neno hilo lilipotoka kwake lilikuwa sumu. Lilipofika mwisho wa laini lilikuwa uchawi. Asubuhi iliyofuata niliona sufuria lake la uji limejaa na hakuna mtu kwenye benchi. Wafanyakazi walipita wakitazama upande mwingine, wengine wakiwa ni watu aliowahi kuwapa uji wa bure walipokuwa wagonjwa.

Na mimi sikukaa pembeni. Benchi lile nilikuwa nimemtengenezea mwenyewe, na mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Alinifuata karakana akasema, "Fundi, nisaidie mguu wa benchi." Nilimjibu kwamba sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Alisema, "Haya, fundi," akaondoka, na baada ya siku chache mpwa wake alimpakiza kwenye lori akamrudisha Ushirombo. Mke wangu na mimi hatukutoka kumuaga.

Ilipita kama miezi mitatu. Siku moja msimamizi wa karakana aliniambia nichukue vifaa vyangu niende nyumbani kwa mzungu wa mitambo, mke wake ana kazi. Nyumba za wazungu zilikuwa juu ya kilima, mbali na kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kwenye upepo. Mpishi wao, Mwislamu wa Tabora, alinipokea mlango wa jikoni, ndiye akawa mkalimani wetu, maana Kiswahili cha memsabu kilikuwa cha kuagizia chai.

"Memsabu anataka umjengee chumba cha paka," mpishi aliniambia.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Chumba cha nani?"

"Cha paka. Anao wanne, mmoja ana mimba."

Mama yule akanipeleka baraza la nyuma akaanza kueleza huku akipima kwa mikono. Alitaka baraza lizibwe kwa seng'enge ya kuku kutoka chini mpaka kwenye dari, na mlango uwe na komeo la nje. Ukutani alitaka rafu tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu paka hupenda kukaa juu akaona chini. Kona isiyopigwa na jua niweke makasha ya kulalia, yenye mdomo mdogo, kila paka na lake, ili asitishwe na mwenzake. La mwenye mimba liwe kubwa na liwe mahali penye giza. Nguzo moja niizungushie kamba ya katani waipate kunoa kucha. Na mwisho sanduku pana la mchanga, hicho ndicho choo chao.

Nilitafsiriwa yote hayo neno kwa neno. Kwenye laini tulikuwa familia nane kwa choo kimoja. Nilimwuliza mpishi kwa sauti ya chini kama memsabu ni mzima. Alisema, "Wewe pima tu."

Nilipomsimulia mke wangu jioni, aliacha kuchekecha unga. "Kila paka na chumba chake?"

"Na rafu ya kukaa."

"Na wanafungiwa?"

"Wanafungiwa. Anasema nje kuna hatari."

Mke wangu akasema labda kilimani kuna chui. Tukaliacha hapo.

Niliifanya kazi ile kwa siku nne. Nasema kweli kwamba niliipenda. Nilipewa mbao za mninga, nikazipiga randa mpaka zikateleza kama kioo. Makasha niliyatengeneza kwa mbao za masanduku ya baruti, nikayalainisha kingo zote paka asichomwe na kibanzi. Memsabu alikuwa akija, anapitisha kiganja kila mahali, na akikuta ncha ya msumari ananionyesha kwa kidole bila kusema. Siku ya tatu paka wake mmoja, mweupe mwenye doa jeusi, alipanda rafu ya juu kabla gundi haijakauka, akajikunja, akalala huku mimi nagonga nyundo chini yake. Memsabu alicheka, na mimi nikacheka.

Siku ya nne ilibaki choo. Mchanga mzuri nilijua unapatikana wapi. Chini ya kinu, kando ya bwawa lililopokea maji yanayotoka kwenye mapipa ya kusafishia dhahabu, kulikuwa na vilima vya mchanga mweupe, laini kama unga. Sote tuliutumia. Wanawake wa laini walisugulia masufuria na kuuchanganya na udongo wa kukandika sakafu, zikang'aa. Nilijaza gunia, nikalibeba begani mpaka kilimani, nikaanza kumimina ndani ya sanduku.

Memsabu alitoka na bakuli la maziwa. Alipouona ule mchanga, bakuli lilimponyoka likapasuka. Alikuja mbio, akaushika mkono wangu akauvuta nyuma kwa nguvu, akaanza kusema maneno mengi kwa Kiingereza. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu. Nilidhani nimefanya kosa la kufukuzwa kazi, au la kufungwa.

Mpishi alitoka jikoni akasikiliza. Kisha aliniambia, "Anauliza mchanga huu umeutoa wapi."

"Bwawani kwa kinu."

"Anasema uutoe wote ukautupe mbali, unawe mikono mpaka kwenye viwiko. Anasema maji ya bwawa lile ndiyo yaliyomuua paka wake wa tano. Ndiyo sababu ya chumba hiki, wasiteremke kwenda kunywa."

Sikuelewa mara moja. "Maji yana nini?"

"Yana dawa, fundi. Ile dawa wanayotumia kinuni kutenga dhahabu na mawe. Ni sumu. Ndege akinywa hapati hata muda wa kuruka."

"Wewe ulijua?"

"Kila mtu wa kinuni anajua."

"Mimi ni wa karakana," nilisema. "Mke wangu anasugulia sufuria mchanga huo. Laini zetu ziko hatua mia mbili kutoka pale. Nani alituambia?"

Mpishi alimtafsiria memsabu. Bado namwona alivyosikiliza, mkono umefunika mdomo. Aliuliza kitu kifupi. Mpishi akasema, "Anauliza kama mna watoto kule."

Nilimwambia wako zaidi ya thelathini. Memsabu aliketi kwenye ngazi ya baraza, kati ya vipande vya bakuli, akaniangalia. Nadhani hakuwa amewahi kufikiria swali lile mpaka siku hiyo. Mimi pia nilimwangalia. Nilikuwa nimepiga randa makasha manne kwa siku nne ili paka wasidhurike na kitu kilichokuwa nyuma ya nyumba yangu.

Sikunawa. Niliacha vifaa vyote pale nikateremka kilima mbio.

Nilimkuta mke wangu amekaa barazani anasugua chungu, mchanga mweupe ukiwa kwenye kipande cha debe kando yake, na binti yetu amechovya mkono humo. Nilimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja kama mzigo. Alianza kulia. Mke wangu aliniuliza kama nimepatwa na wazimu.

"Amekula mchanga?"

"Mchanga gani? Kila mtoto anakula mchanga."

Nilimwosha mtoto mikono na mdomo kwa maji ya mtungi, huku nikimweleza mama yake. Kisima chetu kilikuwa upande wa juu, na hiyo ilikuwa bahati tu, hakuna aliyekipangia. Baadaye daktari msaidizi wa mgodi aliniambia mchanga uliokaa juani siku nyingi hupoteza ukali, yanayoua ni maji. Lakini saa ile sikuyajua hayo. Nilimtazama mtoto kifuani kuona kama kinapanda mbio mbio kama cha yule paka.

Mtoto alikuwa mzima. Alipobembelezwa akalala. Mke wangu alitazama kizingiti, akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa na tope jeupe mpaka tumboni."

Nilisema ndiyo.

"Yule mama alituonyesha. Alisema tumwangalie miguu."

Hakulia. Aliondoka, akachukua lile debe la mchanga, akaenda kulitupa mbali sana, na aliporudi alikaa akisugua mikono yake kwa majivu kama mtu aliyeshika mzoga.

Kesho yake mimi na mafundi wenzangu watano tulikwenda ofisini kwa bwana mkubwa. Tulieleza. Alisikiliza, akasema tangazo lipo, limewekwa bwawani tangu zamani. Tangazo lile nguzo yake niliichonga mimi. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa nichonge ubao na nguzo, karani akaandika maneno ya Kiingereza kwa rangi nyekundu, mimi nikaenda kuusimika. Nilidhani ni jina la mahali. Nilikuwa nimechimba shimo kando ya bwawa lile, nimepata kiu, na kilichonizuia kunywa ni harufu tu.

Nilimwambia bwana mkubwa, "Ubao huo nimeusimika mimi mwenyewe, bwana, na sikujua unasema nini."

Alituambia turudi kazini. Lakini siku ya tatu yalishushwa karakana mabunda sita ya seng'enge, na mpishi alinong'ona kwamba memsabu alikuwa amemwendea bwana mkubwa mara mbili, na mara ya pili walisikika mpaka nje. Tukakata nguzo, tukazungushia bwawa lote kwa muda wa wiki mbili. Wakati tunachimba mashimo tulikuta mifupa midogo kila mahali kwenye majani. Ndege, panya buku, na paka ambao hatukuwahi kujua walikwenda wapi. Mmoja wetu aliacha kuhesabu, tukaifukia.

Memsabu alipokwisha kupata mchanga wa mtoni na paka wake akazaa, alinipa watoto wawili wa paka. Mke wangu alisema hawezi kufuga paka tena mpaka ajue atalala wapi. Kwa hiyo nilimjengea na yeye. Nilizungushia nusu ya baraza letu masalio ya seng'enge, nikapigilia rafu moja, nikatengeneza kasha lenye mdomo mdogo na ndani nikatandika kipande cha blanketi kuukuu. Mke wangu akaweka bakuli la udongo lenye maji ya kisima, akawa analiosha kila asubuhi, na sanduku la choo akalijaza majivu. Watu wa laini walikuja kutazama. Hawakucheka. Mlinzi wa stoo aliomba nimtengenezee kama lile kwa ajili ya mbuzi wake waliobaki.

Lakini mke wangu hakutulia. Akiwalisha wale paka nilimwona anasimama katikati, amesahau mkono hewani. Jumamosi moja aliniambia, "Twende Ushirombo."

Tulipanda lori la wafanyabiashara wa karanga. Alichukua mmoja wa watoto wa paka ndani ya kapu, jike, akasema tutampelekea yule mama. Tulifika Jumapili watu wakitoka misa. Hatukupata tabu kumwona, alikuwa anatembea peke yake nyuma ya wengine, na nilishtuka jinsi alivyokuwa amekonda katika miezi ile michache.

"Shikamoo, mama," mke wangu alisema akipiga goti.

"Marahaba." Alitutambua. Alitukaribisha kwake, akatupa maji na viti, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Mke wangu alimweleza yote akiwa ameinamisha kichwa: chumba cha paka, mchanga, dawa, bwawa. Yule mama alisikiliza akizungusha rozari vidoleni.

Tulipomaliza alisema, "Mimi niliona ndege. Kila nilipokwenda kutafuta kuni niliona ndege wameanguka pale. Nilimwambia mpwa wangu. Akaniambia nisiseme, atapoteza kazi."

Kwa hiyo mpwa wake alijua. Alijua siku watu walipomwita shangazi yake mchawi, na akakaa kimya, akampakiza kwenye lori. Nilikuwa nimemwona kijana yule kila siku, tunasalimiana, na ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nilimwambia mama huyu sina nafasi.

"Tusamehe, mama," nilisema. "Hata benchi nilikunyima."

"Benchi si kitu," alisema. Akageukia mke wangu. "Mwanangu, nimekusamehe toka siku nyingi, padri alinitaka nisamehe nikasamehe. Lakini ulinisema wapi?"

"Kisimani."

"Basi mimi hapa Ushirombo msamaha wenu haunisaidii. Habari imenifuata. Hata hapa kuna nyumba siombwi kushika mtoto mchanga. Rudini mkaseme palepale mliposemea."

Mke wangu alimsogezea kapu. Yule mama alifunua kidogo, akatazama ndani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Aliingiza kidole, mtoto wa paka akakishika kwa miguu miwili. Kisha alifunika kapu akalirudisha.

"Mzuri. Lakini siwezi kukaa naye. Akifa hata kwa uzee, watasema ni mimi."

Tulirudi naye. Njiani paka alilia ndani ya kapu mapajani pa mke wangu.

Jumatatu asubuhi aliwahi kisimani kabla ya wote. Alisubiri mpaka wanawake wamejaa, akaweka ndoo chini. Nilikuwa nimesimama upande wa njia, mtoto mkononi, nikasikia kila neno.

"Nilisema hapa kwamba yule mama ameua paka kwa sumu," alisema. "Ni uongo. Sumu ilikuwa bwawani. Yeye alituonyesha na mimi nikamsingizia. Mtu akimtaja tena kwa uchawi, anitaje mimi kwa uongo kwanza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amefunga kamba ya ndoo aliiachia ikatumbukia kisimani, tukaisikia inagonga maji. Mwingine alianza kulia, na nilijua kwa nini, maana yeye ndiye aliyeliongeza lile neno la uchawi. Mke wangu aliteka maji yake, akajitwika, akapita kati yao. Alipofika kwangu aliniambia nimpe mtoto, nichelewe kazini kama nataka, lakini nikamtengenezee kasha la pili, kwa sababu paka wote wawili sasa wanabaki na hawawezi kulala pamoja.